Anti wa Baa ya Barabara ya Zamani

Anti alimtambua mtu kwa sauti kabla hajamwona uso. Alikaa kwenye kiti chake kirefu nyuma ya kaunta, mgongo ukutani, na mtu akipanda tu ngazi za baraza, yeye alikwisha kumtaja. Huyu ni yule wa machimbo ya mawe. Huyu ni dereva wa lori, na leo ameanzia kunywa kwingine. Wateja walidhani ni mchezo wa kuwachekesha, na mimi pia nilicheka nilipokuwa mgeni. Baadaye nilianza kumtazama mikono. Kila hatua ziliposikika ngazini, vidole vyake vilishika ukingo wa kaunta, na havikuachia mpaka ajue ni nani anayekuja.

Baa yenyewe ilikuwa juu ya mji wa Pinetown, nje kidogo ya Durban, kwenye barabara ya zamani iliyopanda vilimani kabla barabara kuu haijajengwa. Magari yaliihama barabara ile, baa ikabaki. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati, yenye baraza la sakafu nyekundu iliyopigwa polishi, na nyuma yake mikaratusi iliyopiga kelele kila upepo ulipovuma. Ndani kulinuka bia, mchuzi wa kondoo na udi, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kufungua mlango Anti aliwasha udi na taa ya mafuta jikoni, mbele ya picha za miungu yake. Pombe hakuionja hata siku moja. Alisema harufu yake inamtosha.

Nilifika kwake nikitoka Uvira, Kongo, nikiwa nimehangaika huku Afrika Kusini, mjini Durban, bila kupata kazi ya kudumu. Mume wangu alipakua makontena Clairwood, siku akiitwa. Mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna Mhindi mlimani anatafuta mtu wa jikoni, naye haulizi karatasi. Mchungaji alinikataza, akasema mwana wa Mungu haoshi glasi za walevi. Nilienda hivyo hivyo.

Kweli hakuuliza karatasi. Aliuliza kitu kimoja, kwa Kiingereza chake cha haraka ambacho nilikishika nusu: kule kwetu nilikimbia nini? Nikamwambia nilikimbia watu wenye bunduki. Akauliza kama niliwajua. Nikajibu kwamba wengine walikuwa majirani. Akafungua kabati na kunipa aproni.

Jina langu, Furaha, lilimshinda. Aliniita Fara. Mimi nilimwita Anti kama kila mtu, kwa kuwa Wahindi wa Durban humwita hivyo mwanamke yeyote mtu mzima, na hata wazee waliomzidi umri walimwita Anti bila kuona ajabu.

Baa ilikuwa ya ukoo wao. Babu yake alikuwa mhudumu katika hoteli ya Wazungu mjini, na alijenga nyumba ile kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, akiwalenga wasafiri. Baba yake akairithi. Enzi za sheria za ubaguzi palikuwa na ukuta katikati, Mzungu apitaye njia akinywa upande huu, Mhindi upande ule, na Mwafrika alisimama nje kwenye kidirisha cha nyuma, akipewa alichoruhusiwa kupewa. Sheria zilipokwisha, Anti aliita mafundi wakaubomoa ukuta ule. Alama yake ilibaki sakafuni kama kovu. Aliniambia kwamba kwa miaka watu waliendelea kukaa pande zao zile zile, wakiheshimu ukuta ambao haupo.

Baa ilipaswa kuwa ya kaka yake. Kaka alihamia ng'ambo na familia yake, akaacha mtoto mmoja wa kiume aliyekataa kuondoka, na Anti akabaki na baa. Hakuolewa. Nilipomzoea nilimuuliza kwa nini. Alisema mwanamume aliyemtaka alikuwa anaitaka baa, na yule ambaye hakuitaka baa hakumtaka na yeye.

Kwa hiyo mtu aliyeogopa watu kuliko yeyote niliyewahi kumjua aliishi katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mpita njia. Hilo lilinishangaza siku zote. Joto la Durban linajulikana, lakini Anti hakuvaa kandambili. Alivaa viatu vya kufunga kamba, kuanzia asubuhi mpaka anapolala, viatu vya mtu anayeweza kuhitaji kukimbia. Simu aliiweka ndani ya kifuko alichoning'iniza shingoni. Hakumruhusu mtu kusimama nyuma yake. Na asingevumilia mkono wa mtu karibu na uso wake. Siku moja nilitaka kumtoa unga shavuni, akaruka nyuma mpaka chupa zikagongana rafuni.

Lakini mlango mchana haufungwi. Hata mvua ije ya upepo, hata mjini kuwe na maandamano, hata awe peke yake. Nilimshauri mara nyingi tufunge kidogo. Alikataa. Alisema mlango ukifungwa mchana, watu huuliza una nini ndani.

Chini ya sakafu, nyuma ya kaunta, palikuwa na chumba cha kuwekea mapipa, cha tangu enzi za babu. Unainua mlango wa mbao sakafuni, unashuka ngazi fupi, na kule chini kuna ubaridi hata mwezi wa Januari. Anti hakushuka huko kamwe. Kazi hiyo aliifanya Baba Cele, Mzulu aliyekuwa mhudumu wa kaunta tangu ujana wake, mzee mrefu, mpole, asiyeongea mpaka aongeleshwe. Alipougua mgongo, Anti aliniomba mimi nishuke. Nilipopanda juu nikamkuta amesimama mbali, karibu na mlango wa baraza, amegeuza uso. Alasiri ile hapakuwa na mteja. Akaniambia nikae, akanisimulia.

Alikuwa mtoto mdogo, hajaanza shule. Mjini palikuwa pamezuka ugomvi, Waafrika wakawageukia Wahindi, maduka yakachomwa, watu wakauawa, na habari ikapanda mlima kabla ya watu wenyewe. Baba yake aliinua mlango wa sakafuni akawashusha mkewe na watoto, kisha akashuka mwenyewe. Aliyewafunika alikuwa mama yake Baba Cele, aliyekuwa mfuaji wao. Alitandika mkeka juu ya mlango ule, akaweka karai la nguo juu ya mkeka, akapiga magoti akaanza kufua. Watu walipoingia na marungu aliwaambia wenye nyumba wamekimbia tangu asubuhi, na wakiichoma nyumba hiyo yeye mjane atakula wapi.

Huko chini mama yake alimziba mdomo kwa kiganja. Maji ya sabuni yalipenya kati ya mbao yakamdondokea kichwani. Aliogopa kiza, aliogopa kukosa pumzi, lakini hayo siyo yaliyobaki naye.

"Nilizijua sauti," aliniambia. "Si zote. Baadhi. Mmoja wao alikuwa akiniletea peremende kila Jumamosi. Nilimsikia akiuliza watoto wako wapi."

Siku kadhaa zikapita, mji ukatulia, na baba yake akafungua baa. Watu wale wale wakaja kunywa kwenye kidirisha cha nyuma. Baba akawamiminia, akawauliza habari za nyumbani. Yule wa peremende akaweka moja juu ya kizingiti cha kidirisha, akamwambia njoo binti uchukue. Anti alimtazama baba yake. Baba alitikisa kichwa kidogo, kumwambia chukua. Akaichukua, akasema asante. Jioni baba akamweleza kwamba ukimfungia mtu yule mlango, atajua ulimsikia. Na akijua ulimsikia, hatakuacha.

Tangu hapo, maisha yake yote, Anti aliwahudumia watu akijiuliza ni nani kati yao angeuliza watoto wako wapi.

Nilipokwisha kusikia hayo, na mimi nikaanza. Nilikuwa nikikatakata vitunguu, hatua zinasikika ngazini, kisu kinasimama mkononi. Nilijikuta najua nani anaburuta mguu, nani anakohoa kabla ya kusalimu. Mume wangu alisema nimekuwa kama paka. Sikumweleza kwamba Anti aliniambukiza.

Kisha mwaka ule ukaja wa kuwasaka wageni. Sisi Wakongo tulikuwa tumeona mengi, lakini safari hii ilianza mjini kama moto wa majani makavu, maduka ya Wasomali, saluni za wenzetu, vibanda vya simu, na watu wakaanza kulala viwanjani kwenye mahema. Shule zilifungwa, kwa hiyo watoto wangu wawili, Danieli na Grace, nilikuwa nao jikoni. Saa za mchana mume wangu akapiga simu. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, nadhani alijificha mahali.

"Mama Danieli, usitoke huko," akasema. "Iko watu mingi ku barabara, wanatafuta wageni. Wanapanda huko juu."

Sikuwa nimesikia chochote bado. Anti alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja jikoni, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, akanishika mkono. Miaka yote ile hakuwahi kunigusa. Alitutoa jikoni mpaka nyuma ya kaunta, na mlango wa sakafuni aliuinua mwenyewe, akiwa ametazama ukutani ili asione kule chini.

"Ingia na watoto," akasema. "Huyu mdogo mzibe mdomo. Lakini pua iache wazi, Fara. Umenisikia? Pua iache."

Baba Cele akasukuma makreti ya bia juu yetu. Tukabaki gizani kati ya mapipa. Danieli alinishika nguo kiunoni. Mdomo wa Grace ulikuwa moto kiganjani mwangu, na nilihesabu pumzi zake kwa kidole nilichoweka chini ya pua.

Waliingia wakiimba. Nyimbo zile usipozijua maana unaweza kudhani ni za harusi. Makreti yalitikisika juu yetu. Nilimsikia Baba Cele akiongea Kizulu taratibu kama kawaida yake. Nikamsikia Anti, na sikuamini kwamba ni yeye, kwa jinsi alivyokuwa mchangamfu, akiuliza nani anataka bia baridi, akimuuliza mmoja kama mama yake ametoka hospitali. Halafu ikaja sauti niliyoijua. Ilikuwa ya fundi matairi mmoja aliyekula kwetu kila Ijumaa, mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi wa kondoo, na kila Ijumaa aliniomba nimwongezee viazi. Alikuwa na sauti nzito yenye mzaha ndani yake. Aliuliza yule kwerekwere wa jikoni yuko wapi, kwa neno lile la matusi wanalotuita Waafrika wageni.

"Nimemfukuza," Anti akajibu. "Mvivu. Hafai."

Wakacheka. Wakanywa. Sijui walikaa muda gani. Kule chini muda ulikuwa pumzi za Grace tu. Walipoondoka, Baba Cele alituondolea makreti, na nilipochungulia nikamwona Anti ameinama kwenye sinki la glasi, anatapika, viatu vyake vimelowa.

Tulilala kwake mpaka mambo yakapoa. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, kisu kilisimama mkononi mwangu. Hatua zile nilizijua. Anti alikuja mlangoni mwa jikoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuja, na kwamba ninaweza kukaa huku, atampelekea mwenyewe. Nilifikiria. Nikajaza mkate, nikaongeza viazi, nikampelekea mezani. Alinitazama, akauliza, kumbe nimerudi. Nikasema Anti amenisamehe. Akasema vizuri, akaanza kula. Nilirudi jikoni. Siku ile Anti alinikatia kipande cha kitamu cha maziwa ambacho kwa kawaida aliwawekea miungu yake.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa picha nzuri ya mtu mwema. Lakini Anti hakuwa hivyo tu.

Wafanyakazi tulikuwa na vikombe vyetu vya bati, vyenye ukingo wa bluu, vilivyotundikwa kwenye misumari nje ya mlango wa nyuma. Sahani zetu pia. Baba Cele, ambaye mama yake alipiga magoti juu ya mlango ule wa sakafuni, alikula chakula chake cha mchana miaka yote akikaa kwenye ngazi ya nyuma, mvua ikinyesha akisogea chini ya bati. Siku moja nilimuuliza kama hajisikii vibaya. Akasema kwa Anti mtu anaweza kufichwa ndani ya nyumba, ila kukaribishwa ni jambo lingine. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtaa wa Jacobs.

Na alikuwapo yule mpwa, mtoto wa kaka yake. Alikuwa na kampuni ndogo ya ulinzi, alivaa bastola kiunoni, na kila Jumapili alikuja kula. Nilimpikia miaka hiyo yote. Alipenda pilipili ya kukaanga pembeni, akamaliza sahani akasema asante bila kuinua macho. Alimwambia shangazi yake mbele yetu kwamba siku moja hawa watu watamkata koo. Anti alijibu kwa kumwongezea wali. Mbele yake alishusha sauti, akaukubali kila mpango wake, wa kamera, wa waya wa umeme, wa kuuza baa. Nilizoea kutazama vidole vyake, kwa hiyo niliona. Wateja wote, hata yule fundi matairi, vidole viliachia kaunta akishawatambua. Mpwa akija, alimtambua kwa mlio wa gari, na vidole viliendelea kushika.

Kisha corona. Serikali ilikataza pombe, ikaruhusu, ikakataza tena, na baa ikawa imefungwa zaidi ya kufunguliwa. Baba Cele aliugua akafia hospitali bila sisi kumwona. Anti alilia akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, pale yule mzee alipozoea kula, na ndiyo mara ya pekee nilimwona amekaa hapo. Mimi nikawa naenda siku chache tu, kumpikia na kumsafishia. Kila nilipoaga aliniambia maneno yale yale. Mambo yakiharibika, nije kwake. Nisipige hodi. Niingie.

Mambo yakaharibika. Wote tunaikumbuka wiki ile ya majira ya baridi, rais wa zamani alipotiwa jela, maduka yakivunjwa mchana kweupe, magodauni yakiwaka, moshi juu ya mji mzima. Mume wangu na Danieli walikuwa Clairwood, barabara zimefungwa, hawawezi kurudi. Chumba tulichopanga Pinetown kilikuwa karibu na duka lililochomwa. Mkate haukuwapo, teksi hazikuwapo, risasi zilisikika tangu asubuhi, na mwenye nyumba alianza kutuuliza sisi wageni tutaenda wapi. Nikamchukua Grace, ambaye sasa alikuwa msichana wa karibu kunifikia bega, tukapanda kwa miguu barabara ya zamani.

Chini kidogo ya baa palikuwa na kizuizi. Matairi, pikapu mbili zimekingama, na wanaume wa mtaa ule, Wahindi, waliojipanga kuzuia waporaji, wenye bunduki, fimbo na magongo ya kriketi. Walikuwa wameogopa, hilo nililiona mara moja. Mtu aliyeogopa na ana silaha, hakuna kitu kibaya zaidi. Nilimjua mmoja wa dukani, nilimjua mwalimu mmoja mstaafu. Na nilimjua mpwa. Moyo ukatulia. Nikamsalimu, nikasema naenda kwa Anti.

Aliniangalia kama mtu anavyoangalia gari lililopita.

"Huyu simjui," akawaambia wenzake.

Nikasema mimi ni Fara, wa jikoni. Nikataja pilipili yake ya kukaanga. Sikujua nafanya vibaya kiasi gani kumtajia hilo mbele ya wenzake. Akasema shangazi yake hayupo, ameondolewa. Baa ilikuwa pale pale, juu ya mteremko, naona bati lake, naona dirisha la mbele liko wazi kidogo. Nikatoa simu nikapiga. Palikuwa kimya kwa sababu hakuna gari lililopita siku hiyo, na tukaisikia sisi sote, simu ya Anti, mlio wake ule wa kengele za hekalu, ikilia kule dirishani. Ililia mara kadhaa. Kisha ikakatwa.

Ilikuwa imekatwa na mkono. Simu iliyoachwa hulia mpaka mwisho.

Kijana mmoja nisiyemjua akasema napiga simu kuwaita wenzangu. Akaninyang'anya mfuko akaumwaga, na nilipoinama akanipiga kwa gongo la kriketi kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa kabla ya maumivu. Grace alipiga ukelele mmoja tu, kisha akajiziba mdomo mwenyewe. Mpwa akasema waniache, niende zangu. Mpaka leo sijui kama alisema hivyo kutuokoa au kutuondoa. Tukashuka. Sikugeuka nyuma, kwa sababu niliogopa kumwona Anti dirishani.

Mkono uliunga vibaya. Kazi ya sufuria kubwa ikanishinda, nikajifunza kusuka, nikapata nafasi katika saluni ya Mkongo mwenzetu mjini Pinetown. Nilisikia baa imeuzwa, imebomolewa, na pale sasa ni uwanja wa kuegesha malori. Nilisikia Anti anaishi kwa mpwa wake, ghorofani. Sikwenda. Mume wangu aliniuliza kama ninamchukia. Nilimwambia hapana, ila nikienda nitamuuliza kwa nini aliikata simu, na mimi sitaki kusikia jibu.

Halafu mwaka jana, saluni ikiwa imejaa, mlango ukatiwa kivuli na mwanamume. Kabla sijainua macho, mwili ulikwisha kumjua. Mpwa alisimama pale akiwa hana pa kuweka mikono. Akasema Anti mgonjwa, ananitaja kila siku, anaomba nije. Alijitolea kunipeleka kwa gari. Nikamwambia nitakuja mwenyewe.

Nilienda Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, peke yangu. Grace alinikataza nisiende, kisha alitaka kunisindikiza, nikamkatalia yote mawili. Kwenye ngazi za ghorofa ile nilisimama mara nyingi. Mpwa alinifungulia. Nikapita mbele yake nikiwa nimekaza mabega, kama mtu anayetegemea pigo.

Anti alikuwa amekaa karibu na dirisha, amekuwa mdogo sana, nywele zimekuwa nyeupe zote. Miguuni alikuwa pekupeku. Sikuwahi kuiona miguu yake. Aliniita Fara kabla sijasema neno. Nikaketi mbele yake. Mpwa alibaki amesimama mlangoni mwa jikoni, na nilidhani Anti atamtuma dukani, atamwomba atupishe. Hakumtuma.

"Nilikuwa dirishani," akasema. "Nilikuona wewe na mtoto. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliikata."

Nikasema najua. Akauliza nilijuaje, nikamweleza habari ya mlio. Alifumba macho.

"Walioingia kuvunja maduka sikuwaogopa siku ile," akaendelea. "Hao nimewazoea tangu utotoni. Nilimwogopa huyu." Akainua kidole, akakielekeza kwa mpwa wake mlangoni. "Niliisikia sauti yake akisema hakujui. Nikaijua. Nikasema, nikitoka, atajua kwamba nilimsikia."

Uso wa mpwa ulianza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nimekuja nikiogopa kwa ajili yangu, na sasa woga ulihama, ukawa wa Anti. Kitanda ni cha mpwa huyu, chakula ni chake, dawa ananunua yeye, na ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake. Mimi nitashuka ngazi niondoke, na Anti atabaki. Yeye alijua hayo kuliko mimi. Alikuwa na maisha yote ya kujua hayo. Na bado alikuwa amenyoosha kidole.

"Sasa amejua," akasema, akaushusha mkono mapajani.

Nilimwambia pole, Anti. Yeye akaniuliza mkono wangu unaumaje wakati wa baridi. Nikamwonyesha. Aliushika, akaupapasa pale ulipovimba. Nilipoaga, mpwa alinifungulia mlango bila kunitazama. Ukafungwa nyuma yangu. Sikushuka. Nilisimama pale kwenye ngazi, nimezuia pumzi, sikio karibu na mbao, nikisubiri kusikia atamwambia nini. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia maji ya bomba. Baada ya hapo sikusikia kitu, na kimya kile kilinitisha kuliko makelele.

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata nikarudi. Na iliyofuata. Namletea supu, namsuka nywele zilizobaki, namtazama mikono na shingo nikitafuta alama, naye anajua ninatafuta nini, ananigeuzia mkono wa pili bila kuombwa. Mpwa huwa jikoni. Hatusalimiani. Mimi bado namwogopa kila nikipanda ngazi zile. Lakini kila Alhamisi napiga hodi, kwa nguvu, majirani wasikie, na anapofungua namtazama usoni, ili ajue kwamba nimekuja, na kwamba wiki ijayo nitakuja tena.